Njaa, Unene na Presha

AFYA YA JAMII
Na Mwanaidi Shomari

Mtu mnene akipimwa presha na kukutwa 160 kwa 100, ushauri wa kwanza anaopewa ni apunguze kula. Ushauri wenyewe ni sahihi. Ubaya ni pale unapotolewa kwa lawama, kana kwamba presha ni adhabu ya ulafi, wakati mojawapo ya visababishi vyake ni homoni ile ile inayotakiwa kumzuia asile kupita kiasi.

Homoni hiyo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Hutengenezwa na seli za mafuta, husafiri na damu hadi ubongoni na kutoa taarifa kwamba akiba ipo. Mafuta yakizidi mwilini, leptini nayo huzidi.

Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, akiwemo Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini inayofanya kazi. Mkubwa, mwenye miaka 8, alikuwa na kilo 86. Mdogo, wa miaka 2, alishafika kilo 29. Njaa yao haikukatika mchana wala usiku. Mkubwa alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu ya chakula ilishuka, na katika mwaka mmoja akapungua kilo 16. Kumwita mtoto kama huyo mlafi ni kumdhulumu.

Wanene wengi, hata hivyo, wana leptini tele. Sehemu ya ubongo inayoongoza njaa ndiyo imeacha kuiitikia. Lakini njia nyingine bado inaitika: neva zinazokwenda kwenye figo, moyo na mishipa huendelea kuchochewa. Figo huzuia chumvi na maji, mishipa hubana, mapigo ya moyo huongezeka. Shibe haiji, presha inapanda.

Mwaka 2014 kundi la Michael Cowley wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, lilionyesha kwamba leptini ikizuiwa kwa panya walionenepeshwa, presha hushuka ingawa unene haujaondoka. Hata watu waliozaliwa bila leptini, pamoja na unene wao mkubwa, hawakukutwa na presha ya kupanda iliyotarajiwa.

Leptini haitendi peke yake. Mafuta yanayobana figo, insulini nyingi na kukatika pumzi usingizini navyo huchangia, na kupungua hata kilo chache hushusha presha.

Ila kupungua huchukua miezi, na mwili wenyewe hupinga. Kwa hiyo kila mtu mnene, hata kijana wa miaka 20, apimwe presha kila anapofika kliniki. Ikithibitika kuwa iko juu kiasi cha kuhitaji vidonge, aanzishiwe dawa mara moja, bila kuambiwa akapungue kwanza ndipo arudi.