Tuanze na umeme

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako kuhusu mashine za useremala. Kunoa visu vya randa umekueleza vizuri sana, ila kwa sisi mafundi wa Gitega na Muyinga ugonjwa wa kwanza wa mashine hizi za kazi nyingi ni umeme hafifu. Mota ya volti 220 ikipata 180, nguvu yake ya kuzungusha hushuka hadi karibu theluthi mbili. Inanguruma tu, haiondoki, na mwenye mashine anaambiwa imeungua, isukwe upya. Asikubali haraka! Apime volti wakati mashine inafanya kazi, kisha atazame waya. Wengi huvuta waya mwembamba na mrefu kutoka nyumbani hadi kibandani, volti zinapotelea humo.

Umeme ukiwa sawa na bado inanguruma, chomoa plagi, zungusha mota kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi, shuku kapasita, ambayo bei yake haikaribii ya kusuka mota. Lakini usiiguse kabla ya kuitoa chaji, hata kama mashine imezimwa.

Halafu mbao zetu. Mkaratusi mbichi hubana msumeno, na utomvu wa msonobari huganda kwenye meno hadi watu wadhani ni butu. Futa meno kwa mafuta ya taa, uyaache yakauke.

Na vijana wetu, nawasihi: kipande kifupi kisukumwe kwenye randa kwa kijiti, kamwe si kwa vidole.