Pango Halilipi Mkopo Lenyewe

Makala iliyochapishwa hapa majuzi inawahimiza Wakenya wakope, wanunue nyumba ya kupangisha, kisha wamwachie mpangaji alipe deni. Hoja hiyo inapendeza mpaka mtu ashike kalamu. Tuseme nyumba ya shilingi milioni 6 inapangishwa kwa 30,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja, mwaka unaingiza 330,000. Tangu Januari 2024, kodi ya mapato ya pango la makazi ni asilimia 7.5, nayo hukatwa kwenye pango lote, bila kuondoa gharama za matengenezo wala riba ya benki. Toa 24,750 za kodi, toa 36,000 za wakala na ukarabati, linabaki pato lisilofika asilimia 4.5 ya bei. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa kodi. Benki iliyoweza kupata riba hiyo serikalini ingekukopesha wewe kwa asilimia 4, ili pango litoshe kulipa deni, kwa nini?

Watetezi watasema thamani ya nyumba hupanda. Huenda, lakini kinachopanda hasa ni ardhi. Jengo huchakaa, na thamani ya kwenye karatasi hailipi rejesho la mwisho wa mwezi. Anayeanza apime pango halisi la mtaa, si la tangazo, akope kidogo, na aweke akiba ya miezi kadhaa. Asipoweza hayo, asubiri.