Kunusurika Ajali ya Ndege: Neno "Muujiza" Halitoshi

Ndege inapoanguka na mtu akatoka akiwa hai, sote hukimbilia neno moja: muujiza. Sina ugomvi na imani ya mtu. Mimi mwenyewe huomba dua kabla ndege haijaruka. Hata hivyo neno hilo, likitamkwa kwa haraka, hufunga mazungumzo ambayo yangeweza kuwaokoa wengine.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Watu watatu waliiteka, wakamtaka rubani Leul Abate awapeleke Australia. Aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakumwamini. Mafuta yalipokwisha na injini kuzimika, aliitua baharini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro. Bawa la kushoto lilitangulia kugusa maji, ndege ikavunjika. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 50 walinusurika. Wenyeji na watalii waliwahi kuwapokea, wakiwamo madaktari Wafaransa waliokuwa likizoni.

Jambo ambalo halinitoki akilini ni jaketi za kuokolea maisha. Abiria wengi walizijaza upepo wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwaelekeza juu darini, na kupiga mbizi kutafuta mlango ukiwa umevaa kitu kinachokuvuta juu ni karibu muhali. Walikufa wakiwa na kifaa kizima vifuani. Agizo la kutojaza upepo mpaka umetoka nje ni sentensi moja tu, na husomwa kila safari wakati sisi tukichezea simu.

Nyumbani, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilitumbukia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, 24 waliokoka. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kwa maoni yangu, hao ndio kikosi chetu cha kwanza cha dharura, na hatujawatendea hivyo. Mvuvi akifundishwa kwamba aliyezama na kuacha kupumua apuliziwe pumzi kwanza, kisha kifua kibonyezwe, tutakuwa tumefanya zaidi ya mabango mengi tunayochapisha. Kumkandamiza tumbo ili atapike maji hupoteza muda, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Nasi wa hospitalini tusimruhusu haraka manusura anayekohoa kwa sababu tu anatembea: mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kudhoofika saa kadhaa baadaye.

Hapa yanipasa kukiri. Miaka iliyopita nilimtibu kijana aliyetolewa majini baada ya chombo walichosafiria kupinduka. Kifua kilikuwa safi, oksijeni nzuri. Nikampa mkono, nikamwambia ana bahati, nikaandika kwenye faili: amepona. Baada ya miezi miwili mama yake alimrudisha. Alikuwa halali usiku, na hawezi kujimwagia maji kichwani. "Daktari," aliniambia, "kila mtu ananiambia nishukuru. Nashukuru. Lakini waliokuwa pembeni yangu niliwaacha." Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za hao wenzake, nami nikiwamo.

Jeraha hilo lina tiba. Siku za mwanzo manusura asilazimishwe kusimulia yaliyompata; apewe usalama, usingizi, chakula na watu wake. Ndoto za kutisha, kushtukashtuka na kukwepa kila kinachomkumbusha ajali, vikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Nawe uliyenusurika ukisoma haya, kujilaumu kwa kuwa hai ni dalili inayojulikana kwetu; itaje kwa daktari wako kama ambavyo ungetaja homa.

Siku hizi siandiki "amepona" siku ya kumruhusu. Naandika tarehe ya kurudi, wiki nne mbele, na namba ya simu ya ndugu mmoja. Asipokuja, tunapiga.