Kupakia PDF Si Kutangaza

Wasee, tuache kudanganyana. Ofisi ikipiga tangazo skani, ikalipakia kwenye tovuti likiwa PDF ya kurasa kumi na tatu, faili ikaitwa "Scan0047", hiyo ofisi haijatangaza kitu. Imeficha, halafu ikajipatia ushahidi kwamba haikuficha.

Shida inaanzia kwa maneno. Huku Umoja hakuna mtu anaambia rafiki yake ati anatafuta "Police Clearance Certificate". Anatafuta good conduct. Mama mboga wa Kayole hawazi "Unified Business Permit", anawaza leseni ya kanjo, na kama leo watambebea sukuma zake kwa lori. Kitambulisho ni kipande mpaka kesho. Sasa wewe umepewa kazi ya kuandika ukurasa, unaweka jina rasmi peke yake, halafu unashangaa mbona watu hawasomi. Jina rasmi liweke, sikatai, lakini lile la mtaani likae hapo hapo kwenye kichwa. Ni maneno mawili tu, hayamalizi wino.

Habari ikijificha, broka anazaliwa. Pita saiba yoyote Eastlands wiki ya mwisho ya Juni, kabla ya tarehe 30 ya KRA. Utapata foleni ya vijana ambao hawana kazi, hawana mapato, na wanalipa mtu awajazie sufuri. Wanalipa kusema hawana pesa! Na simlaumu msee wa saiba hata kidogo. Anafanya kazi ambayo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri ungefanya bure.

Hata ukilipata hilo tangazo, bado. Skani ni picha ya maneno, si maneno. Kipofu anayetumia TalkBack kwa simu yake anakutana na ukuta. Mwenye simu ya skrini ndogo anavuta huku na kule akitafuta mstari, na bando ya bob ishirini inayeyuka. Mwaka jana mama mmoja jirani yangu alikuwa anatafutia mtoto wake basari ya ofisi fulani, sitaitaja. Tarehe ya mwisho ilikuwa ukurasa wa tisa, chini ya saini na mhuri. Tulipoifikia, ilikuwa imepita siku tatu. Mtoto alikaa nyumbani hadi mama akapata pesa ya kuanzia. Hakuna mtu aliyemnyima basari, ukiuliza. Kila kitu "kilikuwa kwa tovuti".

Na sheria iko, hii si ndoto yangu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 5 kinataka habari zitolewe kwa kuzingatia walemavu, gharama, lugha ya wenyeji na njia ya mawasiliano inayofanya kazi eneo hilo, na ziwe rahisi kufikiwa. Soma hiyo tena, kisha uangalie Scan0047.

Kuna wale watasema lugha rahisi inashusha hadhi ya ofisi. Hadhi gani? Uingereza mwaka 2012 walianzisha tovuti moja ya serikali, GOV.UK, ikachukua nafasi ya tovuti kubwa za awali. Imeandikwa kwa sentensi fupi, haina mapambo, na mwaka 2013 ikapewa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka na Design Museum ya London. Lakini sihitaji Wazungu kuthibitisha hili. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulikuja kwa Kiingereza cha mawakili. Vijana wakaukatakata, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, kwa video za TikTok. Ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, kila mtu alielewa. Sisemi video ndizo zilirudisha muswada. Watu waliingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Nasema tu kwamba ile hadithi ya "wananchi hawapendi kusoma" ilikufa mwaka huo.

Kwa hivyo nasi tujiulize, sisi tunaojiita content creators, na vikundi vya vijana vya Dandora hadi Jericho vinavyotafuta pesa za tovuti. Nafungua tovuti ya kikundi, napata picha tatu zinazocheza zenyewe, "Karibu", maono, dhamira, na mheshimiwa akikata utepe. Mko wapi? Stage gani? Mnafungua saa ngapi? Hakuna.

Kabla ya kulipa mtu wa kuchora logo, kaa saiba siku nzima na daftari. Andika maswali vile yanaulizwa, usiyasafishe. "Kipande ikipotea naanzia wapi?" Hicho ni kichwa cha ukurasa tayari. Jibu likae mstari wa kwanza: uende wapi, ubebe nini, ni pesa ngapi, mwisho ni lini. Historia ya kikundi inaweza kungoja. Andika tarehe uliyoisahihisha mara ya mwisho na jina la mwenye kazi ya kuisahihisha tena, kwa sababu bei ya mwaka juzi ni uongo wa leo. Kisha mpe nyanyako simu yako mbovu kabisa, umuulize swali moja, na ufunge mdomo. Asipopata jibu, ukurasa ndio umefeli.

Na picha ya mheshimiwa? Iweke chini kabisa, baada ya namba ya simu. Namba inayoshikwa.