Leza, Ozoni na Donda la Mguu



Tunaulizwa mara nyingi juu ya tiba mbili zinazosifiwa kuponya vidonda sugu vya ngozi, nazo ni mwanga wa leza na hewa ya ozoni. Wako walio tayari kuuza shamba ili mzee wao mwenye kisukari atibiwe kwazo. Yatupasa basi tuzipime kwa haki, tusizikatae kwa ujinga wala tusizipokee kwa sifa tupu.

Leza ni mwanga wa rangi moja uendao njia moja. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Baadaye Endre Mester, tabibu wa Budapest, aliwamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, akaona nywele zao zaota upesi. Ndipo akaijaribu kwa vidonda vya wanadamu. Mwanga huo hauchomi, bali hudhaniwa kuziamsha chembe hai za ngozi. Baadhi ya tafiti zimeonyesha dalili njema, walakini nyingi ni ndogo, na vipimo vya mwanga vyatofautiana.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, iliyotangazwa na Schönbein wa Basel mwaka 1840. Huua vijidudu, na kwa hiyo hutumiwa kusafishia maji; lakini aivutaye huumia mapafu. Wachunguzi wa Cochrane walipotafuta mwaka 2015 tafiti zinazoaminika juu ya vidonda vya miguu vya kisukari, walipata tatu tu, zenye wagonjwa 212, wasiweze kuhukumu kwamba ozoni yafaa.

Lipi basi lililothibiti? Ni kuishusha sukari, kuosha kidonda na kuondolewa nyama iliyokufa na mwenye ujuzi, kutokukanyagia mahali penye donda, kutibu uambukizo, na kupimwa kama damu yafika mguuni. Leza ikiongezwa juu ya haya kwa shauri la daktari, hatuna neno. Ikishika mahali pake, ni hatari.

Kisukari huondoa hisia za miguu, hata mtu akachomwa na mwiba asijue. Sisi tutawadhao kila siku tuna nafasi njema: tuoshapo miguu, tuitazame nyayo na baina ya vidole, kisha tuikaushe vizuri. Maji ya moto yajaribiwe kwanza kwa kiwiko. Na mwenye kidonda kilichofungwa asikifungue kwa kuogopa udhu wake. Sharia imemruhusu kupangusa juu ya kitambaa, naye amwulize mwalimu wake namna yake.

Enyi vijana, watazameni wazee wenu miguu, kwani macho yao yamepungua nguvu. Mkiona donda limenuka, limegeuka jeusi, au limeleta homa, msingoje mnunuzi wa shamba. Mpelekeni hospitali siku ile ile.