Usilipie profoma ile ile mara mbili

Muuza pembejeo anayetaka kuuzia shule mbegu hulipa steshenari wamchapie profoma, akaondoka na PDF kwenye flashi. Mwezi ujao bei imepanda. Anarudi na flashi yake, na kijana wa kompyuta anaanza kuchapa upya tangu jina la duka hadi jumla, kwa malipo mapya. PDF inasomeka vizuri popote, lakini kuisahihisha ni kazi.

Huu ni upotevu wa fedha. LibreOffice, programu isiyolipiwa iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice (ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliiweka katika Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice), hutengeneza PDF mseto. Wakati wa kutoa PDF unatia alama kwenye kisanduku kimoja tu, na maandishi asilia yanafichwa ndani ya faili hiyo hiyo. Kwenye simu inaonekana kama PDF nyingine yoyote. Ukiifungua kwa LibreOffice, unabadili bei, kisha unatoa PDF mseto mpya.

Ila hiyo ni nakala yako ya nyumbani. Mnunuzi mpelekee PDF ya kawaida, kwani asiye mwaminifu akipata ya mseto atageuza tarakimu zako bila jasho.

Wenye steshenari huenda wasiifurahie habari hii. Hata hivyo, mteja aliyelipia kuchapiwa ana haki ya kuondoka na kazi inayoweza kusahihishwa. Idai kabla hujatoa hela.