Askari wa Mwili na Hila za Saratani

Wengi huuliza: ikiwa mwili umepewa askari wa kuulinda, mbona saratani huwapita? Aghalabu huwapita kwa hila. Chembe nyeupe za damu zina breki ya kuzizuia zisiushambulie mwili wenyewe. Baadhi ya saratani huikanyaga breki hiyo, askari wakabaki wamesimama hali adui yu mbele yao. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuiachilia.

Dawa zilizotokana na ugunduzi huo ni ghali mno. Wagonjwa wetu wengi hupewa kemo, nayo huua saratani huku ikipunguza askari, hasa baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Katika siku hizo, homa ya nyuzi 38 si ya kumeza Panadol na kungoja kuche. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Na jamaa mwenye mafua atume salamu kwa simu. Kumzuru mgonjwa ni haki, lakini mafua yamwishe kwanza.